Quiloa, Kulwa, Kilwa: Mji Mmoja, Masikio Mengi

Mwanafunzi wangu mmoja, binti wa Kilwa Kivinje, alinifuata baada ya kipindi akiwa ameshika karatasi. Alikuwa amechapisha mchoro wa kale wa mji wa kisiwani: nyumba zimebanana, bahari imeuzunguka, na herufi kubwa zinasomeka QVILOA.

"Shikamoo mwalimu. Huu mji wa Kwiloa ulikufa lini? Wameandika uko Afrika Mashariki, ila mimi sijawahi kuusikia."

"Marahaba. Nyumbani ni Kivinje, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi umeshausikia. Siku ukifika Masoko, simama gatini utazame ng'ambo. Ule pale."

Aliitazama karatasi, akanitazama mimi, akairudia karatasi. Mji aliokuwa akiuulizia ni Kilwa Kisiwani, mkabala na Kilwa Masoko, ambao babu zake wamevua samaki kuuzunguka miaka yote.

Mchoro ule unatoka kwenye kitabu cha picha za miji ya dunia cha Georg Braun na Frans Hogenberg, kilichoanza kuchapishwa Köln, Ujerumani, mwaka 1572. Kwenye ukurasa huo huo wameweka Aden, Mombasa na Sofala. Binti hakuwa mvivu wala mjinga. Aliona Q na U, akazisoma kama alivyofundishwa kwenye Kiingereza, na hapo hapo mji wa kwao ukageuka mji wa ugenini. Jambo hilo lilinikaa moyoni. Habari za Kilwa zimetawanyika duniani chini ya majina manne matano, na sisi wa Lindi na Mtwara, wenye haki ya kwanza ya kuzisoma, mara nyingi tunalijua moja tu. Kwa hiyo nataka kueleza jinsi jina hili lilivyogeuka, hatua kwa hatua, maana kila mgeuko una sababu yake.

Nianze na Wareno, kwa kuwa ndio walioiandika hiyo Quiloa. Meli zao zilianza kuonekana pwani hii mwaka 1498, na mwaka 1500 Pedro Álvares Cabral akatia nanga Kilwa. Uandishi wa Kireno haukuwa na matumizi ya kawaida ya K wala W. Herufi hizo zimerudishwa rasmi kwenye alfabeti yao kwa makubaliano ya tahajia ya mwaka 1990. Sasa mtu asiye na K anaandikaje "ki"? Mreno huandika "qui", na hiyo U haitamkwi kabisa. Ipo kwa ajili ya kuishikilia Q tu.

Watu wa Mtwara wana ushahidi wa jambo hili mlangoni kwao. Kusini mwa mdomo wa Ruvuma kuna mahali panapoitwa Kionga. Wajerumani walipachukua mwaka 1894, wakapaandika Kionga. Wareno walipateka mwaka 1916 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na kwenye ramani zao pakawa Quionga. Mvuvi wa pale hakubadilisha hata sauti moja. Asubuhi aliamka Kionga, jioni akalala Kionga, ila kalamu ilikuwa imebadilisha mikono. Shuka zaidi kusini utakuta visiwa ambavyo wenyeji huviita Kirimba. Ramani ya Msumbiji inasema Quirimbas. Hata mto wenyewe, ukiutazama kutoka ng'ambo hii ni Ruvuma, ukiutazama kutoka ile ni Rovuma. Ukishaujua ufunguo huu mmoja, kwamba "qui" ya Kireno ni "ki" yetu, nusu ya Quiloa imeshafunguka.

Nusu ya pili ni hiyo "loa". Sisi tunatamka "lwa" kwa mdomo uliokusanywa, sauti moja inayoteleza kwenda nyingine. Mreno asiye na W hutafuta irabu iliyo karibu, na iliyo karibu kwake ni O. Ndivyo mji mkuu wao unavyomalizika, Lisboa, na ndivyo walivyoiandika Goa ya India. Wanaoandika Kireno kwa uangalifu huweka alama juu ya I, Quíloa, kuonyesha kwamba mkazo uko mwanzoni. Na katika Kireno cha Ureno cha leo, O isiyo na mkazo husikika karibu sawa na U. Hebu itamke kwa kasi ya kawaida: KI-lu-a. Irudie mara mbili. Haiko mbali kabisa na jinsi nahodha wa Masoko anavyolitaja jina hilo.

Kuna kitu kimoja kinachonithibitishia kwamba Wareno wa mwanzo walilisikia jina vizuri. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa alipe kodi ya dhahabu. Dhahabu ile ikasafirishwa hadi Lisbon, na mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza itengenezwe chombo cha ibada cha kanisa. Kilikamilika mwaka 1506, na kinaitwa Custódia de Belém. Kipo hadi leo kwenye makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini Lisbon. Chini, kuzunguka kitako chake, kumeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya QILVA. Wakati ule V ilikuwa ikisimama pia mahali pa U, kwa hiyo soma Qilua. Nikiyatazama maandishi yale kwenye picha naumia, kwa sababu ile ni mali iliyochukuliwa kwa mtutu. Lakini pia kuna kitu kinanishika: fundi wa Lisbon, ambaye pengine hakuwahi kuliona jua la kwetu, alichonga kwenye dhahabu jina lililo karibu sana na linavyotoka mdomoni mwa mwenye mji.

Quiloa ilianza kupotea pale ilipohama kutoka kwa waliolisikia jina kwenda kwa waliolisoma tu. João de Barros alichapisha historia yake ya Wareno huko Asia mwaka 1552, na ndani yake kuna simulizi ndefu ya watawala wa Kilwa. Vitabu na ramani za Kireno zikanakiliwa na Wajerumani, Waitaliano, Wafaransa na Waingereza. Walinakili herufi, na herufi hazibebi sauti ya mwenyewe. Mshairi wa Kiingereza John Milton, kwenye Paradise Lost ya mwaka 1667, anaitaja Quiloa pamoja na Mombasa, Malindi na Sofala. Msomaji wake wa London angeitamkaje? Kwa Q ya Kiingereza bila shaka, kama alivyofanya binti wangu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alifunga mkataba wa kununua watumwa na sultani wa Kilwa, na Wafaransa nao waliandika Quiloa, ingawa Wareno walikuwa wameiacha ngome yao ya Kilwa tangu mwaka 1512. Tahajia ilidumu zaidi ya miaka mia mbili na hamsini baada ya wenyewe kuondoka.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema Wazungu "waliliharibu" jina letu, huwa namwomba atenganishe mambo mawili. Mtu anayelisikia jina hulifikisha kwenye sauti iliyo jirani katika lugha yake. Hapo hapotezi sana. Anayelipoteza ni yule anayelinakili kutoka karatasi hadi karatasi bila kumsikia mtu akilitamka.

Kwa Kiarabu mambo ni tofauti, na kwangu ndipo penye utamu zaidi. Mwandiko wa Kiarabu huandika konsonanti na kuziacha irabu fupi zijazwe na msomaji. Jina letu likawa kaf (k), lam (l), waw (w) na ta ya duara mwishoni. Anayewajua wenyewe atajaza i. Asiyewajua atajaza anachodhani. Watoto wa chuoni wanalijua tatizo hili vizuri: ondoa irabu kwenye aya ambayo hawajaihifadhi, uone wanavyokwama.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwa kuwa aliujua udhaifu huo wa mwandiko, simulizi yake inafafanua jina kwa maneno: kaf ina dhamma (irabu u), lam ina sukuni (haina irabu), waw ina fatha (irabu a). Yaani Kulwa. (Msomaji wa Tanzania atawakumbuka Kulwa na Doto. Hilo ni jina la pacha kutoka Kanda ya Ziwa, halihusiani kabisa na mji huu.) Karne mbili baadaye, historia ya mji iliyoandikwa kwa Kiarabu ilipewa jina Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani kitabu cha liwazo katika habari za Kulwa. Nakala iliyopo imenakiliwa Zanzibar mwaka 1877 na sasa iko London. Sikiliza vina: Sulwa, Kulwa. Ukisema Kilwa, mwangwi wa kichwa unapungua. Na wafasiri wa Kifaransa wa Ibn Battuta, katika karne ya 19, walipotaka kuionyesha hiyo "u" kwa herufi zao, waliandika Couloua. Hebu fikiria mwanafunzi wa Lindi anayekutana na Couloua peke yake kwenye kitabu.

Je, wenyeji walisema Kulwa, kisha wakabadilika? Mimi siamini hivyo. Wareno wa mwanzo, walioandika kwa kusikia, waliandika i kwa pamoja: kwenye dhahabu, kwenye barua, kwenye historia. Tena kuna sababu ya karibu ya hiyo "u". Katika Kiarabu cha Yemeni, kulwa ni neno la kawaida: ni figo. Mfanyabiashara wa Aden akiziona herufi k-l-w hana haja ya kuuliza. Ulimi unamwendea kwenye neno analolijua tangu utotoni. Nadhani jina letu liliangukia kwenye shimo lililokuwa limeshachimbwa. Na mambo ya namna hiyo hutokea kila lugha: jina geni likifanana na neno la nyumbani, neno la nyumbani hushinda.

Wajerumani walipoitawala pwani hii mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa na K, walikuwa na W, wakaandika Kilwa kama tunavyoandika sisi. Ungedhani mambo yamenyooka. Lakini W ya Kijerumani hutamkwa kama V yetu, kwa hiyo Mjerumani akiisoma Kilwa iliyoandikwa sawasawa, kinachotoka ni "Kilva". Kisha angalia walivyoiandika Kivinje: Kiwindje. V yao husomeka kama F katika maneno mengi, wakaikwepa kwa W. Na J yao ni Y yetu, wakaongeza D mbele yake ili sauti ya "je" isipotee. Matokeo yake, katika jina refu Kilwa-Kiwindje, W ya kwanza inasimama mahali pa w yetu na ya pili mahali pa v yetu. Herufi ileile, jina lilelile, sauti mbili. Nayo Kisiwani wakaiandika Kissiwani, S mbili, kwa kuwa S moja katikati ya irabu kwao huwa Z. Anayesoma nyaraka zile bila kujua haya atatamka kila kitu kombo, ilhali karani aliyeandika alikuwa anajitahidi kweli kuifuata sauti.

Warusi nao husema Kilva. Wajapani husema Kiruwa Kishiwani, maana hawana L, wala "si" yao si "si" yetu. Kichina sanifu hakina silabi "ki", kwa hiyo mji umekuwa Ji'erwa. Sioni cha kulaumu hapo.

Tatizo jingine la wageni ni M yetu inayosimama peke yake kama silabi. Magofu jirani na Kilwa yako Songo Mnara. Waandishi wa Ulaya wa zamani waliandika Songo Manara, kwa kuwa ulimi wao uliomba irabu ya kukanyagia. Na kumbe mnara wenyewe ni neno la Kiarabu, manara. Sisi ndio tuliomeza ile "a" ya kwanza. Mgeni alipoirudisha hakujua kwamba anarudisha kitu kilichowahi kuwepo. Hata ndani ya nchi yetu hatulingani. Kaa stendi ya Mtwara nusu saa usikilize wazee wa Kimakonde wakiagiza tiketi: wengi watakwambia Ntwara. M ikikutana na T, meno yanaivuta iwe N. Kuna wanaowacheka kwa hilo, na huwa linaniuma, kwa sababu mzee yule anafanya kitu kilekile alichofanya Mreno na Mwarabu: analitamka jina kwa kinywa alichopewa na mama yake.

Na sisi je? Sisi tumewafanyia wenzetu mengi. Ngome inayoonekana ufukweni mwa Kilwa Kisiwani tunaiita Gereza. Neno hilo asili yake ni igreja ya Kireno, yaani kanisa. Wao wenyewe tukawaita Wareno, kutokana na reino, neno lao la ufalme, labda kwa kulisikia wakilitaja kila mara. Kasri la kale pale kisiwani tunaliita Husuni Kubwa, husuni ikiwa ni neno la Kiarabu la ngome tulilolivalisha irabu ya mwisho ili likae vizuri mdomoni. Jirani yetu wa kusini ana safari ndefu kuliko wote. Inasimuliwa kwamba Wareno walimkuta kisiwani mtawala aliyeitwa Musa bin Biki, wakakiita kisiwa Moçambique. Jina likaenea nchi nzima, likarudi kwetu likawa Msumbiji. Jina la mtu wa pwani hii lilikwenda Lisbon likarudi, na sisi tukalipokea kama jina geni.

Nimeongea kana kwamba Kilwa ni moja. Mpanda basi yeyote anajua sivyo. Ukishuka Nangurukuru, kwenye njia panda ya barabara ya Dar es Salaam na Lindi, ukasema unakwenda Kilwa, utaulizwa: "Kilwa ipi, Kivinje au Masoko?" Na ukifika Masoko ukataka boti, hakuna anayesema Kilwa tena. Ni "Kisiwani" tu. Swali la wale vijana wa Nangurukuru ndilo kila msomaji wa nyaraka za zamani anapaswa kujiuliza, kwa sababu jina moja limehama. Quiloa ya Wareno na Kulwa ya Ibn Battuta ni Kisiwani. Lakini katika karne ya 19 biashara ya watumwa na pembe kutoka upande wa Ziwa Nyasa iliteremkia Kivinje, na mtu wa wakati huo akiandika Kilwa bila kuongeza neno, mara nyingi anamaanisha Kivinje. Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani hadi wakamnyonga mwaka 1895, anatajwa kama mtu wa Kilwa. Kilwa hiyo ni Kivinje. Nimeona watu wazima wakibishana juu ya habari za mji huu kumbe kila mmoja anauzungumzia mji wake. UNESCO ilipoyaingiza magofu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, ilitumia jina kamili, Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara, na angalau hapo utata umekwisha.

Yule binti nilimweleza haya kwa siku tatu, kidogo kidogo, baada ya masomo. Siku ya tatu alikuja na karatasi ileile. Safari hii alikuwa ameweka kidole kwenye picha nyingine ya ukurasa ule.

"Na hapa, mwalimu? Cefala."

Sikumjibu. Nilimwambia aanze na herufi ya kwanza na akumbuke nani aliyeandika. Akanyamaza, midomo ikicheza.

"C ikiwa mbele ya E kwao inakuwa S," akasema. "Sefala." Akasita. "Sefala... Sofala! Si kule dhahabu ilikokuwa inatoka kuja Kilwa?"

Nikamwambia ndiko. Akachukua penseli akaandika Sofala chini ya Cefala, kisha akahamia kwenye picha ya kwanza, akaandika Kilwa, na mbele yake, kwa herufi ndogo, Kisiwani.